Bastola Mliyoniambia Nitaisahau

Burl Tackett,
Pruitt Fork, Kentucky.

Mhariri Mkuu,
Jarida la *Mfuko Salama*.

Ndugu Mhariri,

YAH: USHAURI WENU KUHUSU BASTOLA YA MFUKONI

Natumaini barua hii inawakuta wewe na waandishi wako mkiwa wazima, na vidole vyenu vyote vikiwepo. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, fundi mstaafu wa mgodi wa makaa ya mawe, na si mtu wa kulalamika. Mke wangu Wilma angekuambia vingine, lakini hajaulizwa.

Katika toleo lenu la Pasaka mliandika, kwa herufi nene, kwamba bastola nzuri ya mfukoni ni ile ambayo ukishaivaa unasahau kuwa unayo. Nilikata ukurasa ule nikaubandika kwenye friji. Ninaandika kwa sababu nimeufuata ushauri wenu neno kwa neno, na sasa nyumba yangu haikaliki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilinunua ile mliyoipa nyota tano. Ni ndogo kama pakiti ya karata, nyepesi kama funguo za gari, na haina kona hata moja ya kukwaruza paja. Niliitia mfukoni asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimeisahau kabisa, kama mlivyoahidi. Tatizo ni kwamba sijaikumbuka tena. Suruali nimezipekua zote, za kazi na za kanisani. Wilma akanisimamia mlangoni, mikono kiunoni. "Burl, umeipoteza?" Nikamjibu kwamba sijaipoteza, nimeificha. Mtu hawezi kulaumiwa kwa sababu kificho chake kimefanikiwa. Wilma alinitazama kama anavyomtazama wakala wa bima, akaenda zake jikoni.

2. Bastola ikiwa imefichika mahali pasipojulikana, ni wazi kwamba mtu yeyote anaweza kuiokota na kunigeukia nayo. Sasa ningejilinda na nini? Nikarudi dukani kununua ya pili, ya kunikinga na ya kwanza.

Hapo naomba niseme neno juu ya maduka mnayotupeleka. Wanaume wazima, na ndevu zao, wanapanga foleni mbele ya kioo wakijigeuza ubavu, wanavuta tumbo ndani, wanaulizana: "Inaonekana?" "Nyuma kidogo." "Na nikikaa?" Sijaona mambo haya tangu binti yangu alipokuwa akichagua gauni la harusi, na yeye alimaliza mapema kuliko hawa. Muuzaji, kijana mwenye miwani ya jua aliyoigeuzia kisogoni, akaniambia: "Mzee, hii ukivaa hata na bukta hakuna atakayejua." Nikamwambia sivai bukta. "Basi ndiyo kabisa," akasema, "ukivaa suruali hata wewe mwenyewe hutajua."

Alisema kweli. Ya pili nilidumu nayo hadi siku ya kukata nyasi. Ya tatu niliinunua kwa sababu hiyohiyo, na nadhani mmeshaelewa ilikoishia. Hivi ninavyoandika ninayo ya nne. Naishika kila mara kuhakikisha ipo, kwa hiyo, kwa vipimo vyenu, ni bastola mbovu.

3. Hamkutuambia kwamba mfuko wa bastola usiwekwe kitu kingine. Au mlituambia kwa maandishi madogo, na miwani yangu huwa iko mfukoni.

Jumapili ya chakula cha pamoja kanisani, kila nyumba ilileta sahani yake: kuku wa kukaanga, maharage, mkate wa mahindi, na ile kabichi ya shemeji yangu Clovis ambayo hakuna anayeila ila kila mtu anaisifu. Pale ukumbini kila mwanaume amebeba bastola, na ni siri, na kila mtu anajua, kwa maana mlango ukifunguliwa tu wote wanajipapasa mapaja. Hatukumbatiani tena kama zamani. Tunapeana mabega.

Basi bakuli la maharage likaanguka kwa kishindo. Nakuapia, Ndugu Mhariri, wanaume wote waliingiza mikono mifukoni kwa mpigo mmoja, kama walivyofundishwa na jarida lako. Kilichotoka ni hiki: Clovis alitoa miwani ya kusomea, akaielekeza mlangoni. Mpokea sadaka alitoa peremende. Mchungaji alitoa simu, ikaanza kupiga wimbo. Mimi nilitoa vidonge vya kiungulia.

"Shemeji," Clovis akaniambia, miwani bado mkononi, "ulitaka kumtuliza jambazi tumbo kwanza?"

"Na wewe ulitaka kumsomea?" nikamuuliza.

Wanawake walicheka hadi wakashika meza. Maharage yaliokotwa na Wilma peke yake, kwa sababu sisi wengine tulikuwa tunalinda ukumbi.

4. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti yangu Kendra ana mtoto mmoja, Hattie, mjukuu wangu wa pekee. Jumapili ijayo Hattie anatimiza mwaka, na tulikubaliana sherehe ifanyike kwetu. Wilma ameshanunua mshumaa. Juzi walipita kutusalimia. Kendra alifika barazani, mtoto akiwa bado kwenye kiti chake garini, akaniuliza, "Baba, iko wapi?"

Nikamjibu, "Ipi?"

Nakiri lile halikuwa jibu zuri. Akauliza tena: "Ziko ngapi, Baba?" Nikamweleza kwa utaratibu, kama ninavyokueleza wewe, na nikamwonyesha ule ukurasa wenu wa friji. Hakuusoma. "Ukizipata zote, nipigie," akasema, akarudi garini na kuligeuza. Hattie alikuwa ananipungia mkono dirishani. Wamemfundisha karibuni tu, bado anakigeuzia kiganja kwake mwenyewe, kama anajiaga. Niliumia, na sina njia nyingine ya kulisema hilo.

Sasa, kwa kuwa kosa si langu, naomba ofisi yako inifanyie mambo mawili. Kwanza, mwandikieni Kendra barua rasmi, yenye nembo na muhuri, mkithibitisha kwamba bastola isiyoonekana hata na mwenye nayo imefikia daraja la juu kabisa la ubora, na kwamba baba yake si mzembe bali ni mteja aliyefuata maelekezo. Barua ifike kabla ya Jumapili. Pili, nishaurini bastola ya tano, ndogo kuliko hizi, nitakayoibeba ninapozitafuta hizi nyingine, kwa maana sipendi kukutana nazo mikono mitupu. Nimesikia ipo inayokaa ndani ya kifungo cha mkanda. Ikiwepo inayokaa ndani ya jino, niambieni bei.

Mkishindwa, nitalazimika kuamini maneno ya Clovis kwamba waandishi wenu hawajawahi kuzibeba hizo bastola, wanazipiga picha tu juu ya ubao mkuukuu na kurudi nyumbani kula.

Nasubiri majibu kwa heshima zote. Wasalimie wapiga chapa, wapiga picha, na yule bwana wa ukurasa wa mwisho anayeandika kuhusu visu. Wilma naye anawasalimu, ingawa sijamwambia.

Wako katika ulinzi,
Burl Tackett

Nyongeza: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Wilma aliponiletea simu. Kendra ametuma video: Hattie ameanza kutambaa. Anakwenda kwa kasi, kichwa chini, na kila anachokikuta sakafuni anakitia mdomoni. Niliitazama mara kadhaa. Halafu nikapiga magoti pale sebuleni nikatambaa, nione anachokiona yeye. Ya kwanza iko chini ya kochi, mpini umeelekea nje. Ya pili iko nyuma ya pazia, kando ya tundu la hewa ya moto ya kupasha nyumba. Ukiwa umesimama huoni kitu. Ukitambaa ndivyo vitu vya kwanza kuviona, na vinang'aa. Ya tatu sijaipata. Ya nne ilikuwa mfukoni mwangu, na iliponyoka nikiwa katika kutambaa. Sikuhisi chochote. Wilma ndiye aliyeiokota kwenye zulia nyuma yangu, akanipa. Ile barua kwa Kendra msiiandike. Nimempigia mwenyewe, nikamwambia Jumapili asimlete mtoto.