Simiti Alivyokufa Mara Mbili kwa Patroba

Leo nimechekwa na Kitale nzima, na nilikuwa nimeshika maiki.

Sasa, wasee wa Bungoma. Niko saiba, kwenye kompyuta ya kulipia, shati bado bichi. Nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa Barasa, maana binamu yangu huyo ataongeza chumvi. (Hii haihitaji chumvi.)

Mnamjua Simiti. Kama wewe si wa shule yetu ya bweni, Simiti ni mwalimu wetu wa nidhamu. Tulimpa hilo jina kwa sababu akishakauka hageuki. Siku ya kufunga shule alinikuta nikiigiza mwendo wake, akaniambia mbele ya gwaride: "Kijana, ukinichezea tena na huo mdomo, utaniletea baba yako, na mtarudi nyumbani pamoja na godoro." Nayo habari ikafika nyumbani kabla yangu. Baba hakugombana. Alinionyesha tu jembe moja jipya, akasema hilo ni langu, na shamba la miwa la Kabuchai liko pale pale.

Kwa hivyo likizo hii nimetulia. Nimekuja Kitale kwa shangazi, naombea chakula, nafua soksi bila kuambiwa. Mtoto mzuri kabisa.

Halafu leo mchana Barasa akasema, "Twende kwa Patroba."

Patroba ana kibanda cha vidio nyuma ya soko. Mabati, mabenchi, na blanketi mlangoni la kuzuia mwanga. Leo alikuwa na sinema ya Hong Kong, polisi na majambazi wenye bunduki ndefu. Tatizo ni kwamba wale watu wanaongea Kikantoni mwanzo mpaka mwisho, na maandishi ya chini pia ni Kichina. Ndiyo maana Patroba huwa na mtafsiri wake, anasimama kando ya televisheni na maiki, anawaambia watu nani amesema nini. Huyo mtafsiri naye aliimba harusini jana. Leo sauti hakuna, anapumua tu.

"Patroba, ati tutaangalia midomo?" watu wakaanza. "Turudishie pesa!"

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. "Mimi naijua hii sinema! Nimeiona Bungoma!"

Sijawahi kuiona. Hata jalada lake sijawahi kuliona.

"Si wewe juzi ulisema..." Barasa akaanza. Nikamkanyaga mguu, nikaenda mbele.

Sinema ikaanza, na mvua nayo ikaanza kupiga mabati. Mara mkubwa wa polisi akaingia. Mikono nyuma. Kitambi mbele. Akapita akikagua viatu vya askari mmoja mmoja. Wasee! Ulikuwa mwendo ule ule! Sasa mlitaka nifanye nini?

"Huyu mnayemwona," nikanguruma, "anaitwa Simiti!"

Kicheko cha kwanza hicho. Kicheko ni kibaya sana, ukipewa kimoja unatafuta cha pili. Mkubwa akagombeza askari wake, nikatafsiri: "Anasema, nani amekula chapati yangu?" Majambazi wakavamia duka la dhahabu, yeye akainama nyuma ya gari na simu ya upepo. "Simiti anampigia bibi yake! Anauliza kama anaweza kuja nyumbani!" Watu wakapiga mabenchi. Nikapanda juu zaidi: "Na msichokijua ni kwamba Simiti ndiye anayewauzia majambazi bunduki!"

Kutoka nyuma, katikati ya ile kelele ya mvua, sauti ikauliza, "Una hakika?"

"Mzee wangu, mimi hii nimeiona mpaka nikachoka! Simiti ni mwoga, na tena ni mwizi!"

"Haya," ikasema sauti.

Tukafika mwisho. Majambazi wamezingirwa dukani na wameshika watoto wa shule. Mkubwa wa polisi akaweka bastola chini, akainua mikono, akaingia peke yake. "Anaenda kusalimia rafiki zake," nikasema. Lakini watoto wakaachiliwa. Lakini risasi zikamwingia yeye. Muziki ule wa kulia ukaanza. Akafia mikononi mwa askari kijana, akafunikwa bendera, polisi wote wakapiga saluti.

Watu wakanigeukia. (Msaliti gani anafunikwa bendera?)

Kwa Patroba sinema ikiisha watu hutoa maoni kabla ya kutoka. Juma wa bodaboda akasimama wa kwanza.

"Maoni yangu: sinema ni tamu. Wale majambazi wanajua kulenga. Lakini huyu mtafsiri ni mrongo. Mwizi anapigiwa saluti ya nini?"

"Mimi nilikuwa nimeanza kulia," akasema mama mmoja wa nyanya, "nikakumbuka ati ni mwizi, nikaacha. Umeniharibia machozi, wewe mtoto!"

"Atupwe kwa mvua!"

"Ngojeni," ikasema ile sauti ya nyuma. "Hata mimi nina maoni."

Patroba akavuta blanketi, mwanga ukaingia. Nikaona mtu mkubwa amebeba mtungi mgongoni na ameshika mtutu mrefu mkononi. Nikadhani jambazi mmoja amebaki. Halafu nikaona ni pampu ya kupigia ng'ombe dawa. Halafu nikaona kitambi.

"Mama yangu, nimekufa," nikasema. Kwenye maiki. Iliyokuwa bado imewashwa.

"Hujambo, kijana," akasema Simiti. Alikuja Kitale kununua hiyo pampu, mvua ikamsukuma ndani.

"Si-sijambo, Mwalimu." Bado kwenye maiki.

Juma akamtazama, akatazama televisheni, akamtazama tena. "Bana! Kumbe yupo!"

Wasee, walicheka. Kuna mzee alianguka kutoka kwenye benchi.

Simiti hakucheka. Alingoja wanyamaze. "Maoni yangu ni haya. Mkubwa wa polisi amefanya kazi yake. Mtafsiri amemkosea. Patroba, rudisha pale anapoweka bastola chini. Kijana, tafsiri tena, sawasawa."

Nikatafsiri tena. Sauti ilikuwa ya kifaranga.

"Simi... Mwalimu... anasema, nichukueni mimi, waacheni watoto."

"Hapo anaogopa?"

"Hapana, Mwalimu. Hapo amepanga."

"Endelea."

Risasi zikaanza. Akasogea karibu na televisheni. "Bado nimesimama?" (Alisema *nimesimama*. Nilisikia vizuri.)

"Bado umesimama, Mwalimu."

"Haya."

Tukafika kwenye yale maneno ya kufa. Kikantoni sikijui, kwa hivyo nikatafuta kitu cha kutoka moyoni: "Anasema... waambieni vijana wachomekee mashati. Niliwagombeza kwa sababu niliwapenda."

Mama wa nyanya akalia mpaka mwisho safari hii. Juma akavua kofia. Mimi mwenyewe kamasi. Simiti akafuta uso, akasema paa linavuja. (Upande wake halikuvuja.)

Kisha akanigeukia. Nikaona baba, nikaona godoro, nikaona lile jembe.

"Jumatatu shule inafunguliwa. Kata nywele."

"Na... mzazi, Mwalimu?"

"Mzazi wa nini? Si umerekebisha?"

Nilirukaruka kwa furaha, nikakalia nyanya za watu. Yeye akatoka kwenye mvua, pampu mgongoni, mikono nyuma. Kibanda kizima kikasimama kikampigia saluti. Akageuka, akairudisha.

Basi nimepona, jembe libaki na upya wake. Ila nawapigia magoti: Jumatatu akisimama kidogo mbele ya gwaride kama mtu anayengoja muziki, asicheke mtu. Godoro ni langu.