Mtunzi wa Sinema Amekwama Garsen

Jumatatu, 6 Mei 1957
Mto umefurika, feri imefungwa, gari la sinema haliwezi kuvuka kwenda Witu na Lamu. Nikamshukuru Mungu. Kisha nikatubu, maana mahindi ya watu yamo majini. Lakini garini yumo Bwana Rebelo mwenyewe! Mgoa. Alitoka Goa kwa meli, akashukia Mombasa, akawa karani wa duka la vitambaa, akafukuzwa kwa kuchekesha wateja hadi wakasahau kununua. Sasa anatunga mashairi, vichekesho na sinema. Ile ya mwanamume aliyeoga kwa sabuni akapata mchumba ni yake. Anatafuta msaidizi wa kuandika. Mimi! Shule nimemaliza, vichekesho ninavyo sandukuni. Imebaki kumwambia tu.

Jumanne, 7 Mei
Sikumwambia. Nilipita mbele yake na ndoo ya maji, nikarudi, nikapita tena. Akamuuliza binamu yangu Mapenzi kama kwetu kunaungua. Mapenzi akamjibu hapana, huyo ni bubu. Mapenzi! Na barua zake zote namtungia mimi!

Jumatano, 8 Mei
Mpango mpya: Babu Changawa anisemee. Babu hana haya. Akampa Bwana Rebelo vichekesho vyangu, akasema huyu Kadii ni mke wangu mdogo, kalamu anaijua ila ugali wake mbichi, mchukue nipumzike. Watu wakacheka. Kwetu Wagiriama kila babu humwita mjukuu mkewe, na mjukuu asiyejibu utani hana adabu. Nikajibu kwa sauti: naenda, mume gani huyu, kibogoyo, na mahari hajamaliza! Maneno yangu ya kwanza mbele ya Bwana Rebelo. Yeye peke yake hakucheka. Alitoa leso ya mfukoni, akapangusa macho.

Alhamisi, 9 Mei
Balaa. Bwana Rebelo amemshtaki Babu polisi kwamba ameoa binti mdogo. Askari Gunga akaja kumhoji. Babu akakiri: ndiyo, mke wangu, tena hunipiga. Gunga ni Mgiriama mwenzetu. Alicheka hadi kofia ikaanguka, akaenda zake bila kumweleza Mgoa lolote. Nikaenda kumweleza mwenyewe. Nilifika mlangoni pa gari lake. Nikakohoa. Nikarudi nyumbani.

Ijumaa, 10 Mei
Feri imefunguliwa. Bwana Rebelo alinirudishia karatasi zangu. Alisema amezisoma, amecheka peke yake garini, na kazi angenipa leo hii, ila hawezi kusafiri na mke wa mtu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Feri ikaondoka. Akapaza sauti kutoka katikati ya mto kwamba nijipe moyo. Babu akamjibu akirudi aje na mahari, tutaelewana. Leso ikatoka tena.

Jumamosi, 11 Mei
Sijakata tamaa. Atapita hapa tena akitoka Lamu. Kosa nimeliona: Babu ana utani mno. Safari hii nitamtuma Nyanya. Nyanya ni mtu wa maneno machache. Mimi huniita mke mwenza, basi.