Saa Ngapi Mpaka Jidda

Jumatatu, 2 Oktoba 1978
Mama Gumato anakwenda Hija! Mjane mwenye ngamia sitini na akili ya watu sitini. Nduguye Diba atampeleka. Ndege haiogopi hata kidogo, anaogopea magoti yake tu. Leo dukani kwangu ameuliza ni saa ngapi kwa ndege kutoka Nairobi mpaka Jidda. Abshir, dereva wa lori la ng'ombe, akasema hajui. Mjinga! Kabale, binti wa Mama Gumato, amesimama pale pale. Mimi nikasema nimewahi kwenda. Mwisho wangu ni Nanyuki. Lakini Kabale ameniangalia. Wallahi nitamuoa.

Jumatano, 4 Oktoba
Nimekwenda shuleni kupima ramani kwa uzi. Mwalimu Mwiti akasema ni kilomita elfu mbili na mia tano na kitu, ndege haimalizi hata saa nne. Maskini Mwiti! Miaka sita Isiolo na bado hajui safari. Hapa hata lori haliendi kaskazini bila kusimama kizuizini, kuandikwa, kungoja mengine mpaka msafara utimie, askari wapande. Sembuse ndege! Nikaongeza siku moja ya kungoja ndege nyingine. Usiku wa kulala njiani. Saa mbili za chai. Jumla: siku mbili. Hesabu safi.

Ijumaa, 6 Oktoba
Nimempa mama jibu. Akauliza ndege zinangojana wapi. Nikamwambia juu, upande wa kushoto. Akatazama juu, kisha akanitazama mimi. Mwanamke anayefikiri, huyo! Nikamshauri abebe mkeka na kopo zima la nyirinyiri, nyama yetu ya safari. Akashukuru. Kabale akanitilia chai, sukari vijiko vitatu. Mambo yameiva. Abshir, nasikia, amepeleka ng'ombe Nairobi. Aende tu.

Jumamosi, 25 Novemba
Hajjati amerudi! Nyumba imejaa watu. Akasimulia: adhuhuri waliswali Nairobi, alasiri wakaiswali Jidda. Saa nne kasoro. Nilitaka ardhi inimeze.

Akasema alijua tangu siku ile kwamba sijapanda ndege. Abshir ndiye aliyeuliza ofisi ya ndege huko Nairobi, akamletea saa za safari, namba ya ndege, mpaka kiti cha karibu na choo kwa ajili ya magoti. Lakini mkeka na nyirinyiri alibeba. Mabasi ya mahujaji yalichelewa, wakakaa chini mpaka isha, na wazee kumi na wawili wakala mkononi mwake. Kwa hiyo akaniombea dua mbele ya watu wote, kwa jina langu, Isacko mwana wa Dabasso. Mama gani huyu! Angeweza kuniaibisha mpaka nihame mji. Nililia kweli.

Kisha akatangaza kwamba Kabale anaolewa na Abshir. Nikalia tena, na hapo haikuwa kwa sababu ya dua.

Jumatatu, 27 Novemba
Chakula hakipiti. Nampenda yule msichana. Lakini kosa nimeliona! Hesabu ilikuwa sawa, nilisahau tu kwamba kutoka Nairobi kwenda kaskazini ni mteremko. Ndege iliteleza.

Jioni Mzee Godana amepita dukani. Kijana wake anakwenda London kusoma, atafika baada ya muda gani? Alikuwa na binti yake, Abiba. Macho yale! Nimemwambia London naijua vizuri. Siku tano: mpaka Misri ni kuteleza, baada ya hapo ni mlima mtupu.