Diski ya Saba ya Marehemu Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe kalalamika: kompyuta ya marehemu baba mkwe imejaa, haifungui kitu. Mke wangu akapendekeza aitwe mwanyumba wangu, mume wa mdogo wake. Fundi simu! Ana kibanda, ana miwani, basi wote wanamnyenyekea. Mama mkwe humwita “mwanangu”. Mimi ananiita “mkwe”, mwaka wa kumi na moja huu. Nikadakia kwamba Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta ile, kwangu ni mchezo. Nimewahi kuitumia mara mbili.

Jumanne, 4 Machi
Nimeuona mzigo wenyewe. Nakala saba za diski, kila moja kubwa kupindukia. Mzee alipokuwa mgonjwa alijirekodi kwa video akiongea na mkewe. Diski zilikwaruzika zikatupwa, zimebaki nakala hizi tu. Sita mama mkwe kazitazama mpaka anazijua kwa moyo. Ya saba hajaigusa, kwa sababu mzee alimwomba asubiri mwaka mmoja. Mwaka unatimia Jumamosi, na ndugu wote wanakuja kuitazama.
Mpango wangu: kuzigeuza ziwe za muundo mpya, kuzibana, kuziweka kwenye flashi yangu, kufuta za zamani. Kompyuta ipumue, na mimi niheshimiwe.

Jumatano, 5 Machi
Kugeuza, safi. Kubana, balaa tupu! Saa nzima kwa nakala moja, na imepungua kiduchu. Nikaibana tena ile iliyokwisha kubanwa. Ikaongezeka!
Mwanyumba kapita kuchukua sufuria ya mkewe. Kachungulia, kanishauri nisifute kitu kabla sijahakikisha nakala mpya inafunguka. Kwa upole! Huo upole wake ndio unaonichoma. Nikamwambia sufuria iko jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimetunga amri moja ndefu: bana, peleka kwenye flashi, futa ya zamani, nenda inayofuata. Kuna namna ya kuiagiza kompyuta ifute pale tu kazi ikifaulu. Nimeiacha. Ni ya waoga.
Flashi ina mechi zangu thelathini za mpira. Sikufuta hata moja, na mimi nina haki zangu. Saa nane mchana yakatokea maandishi kwamba nafasi imekwisha. Nikafunga dirisha lile. Kompyuta nyepesi! Nikamtangazia mama mkwe. Akaniita “mwanangu”. Nilikwenda chooni nikalia kidogo, sioni haya kuandika.

Jumamosi, 8 Machi
Afadhali ningeugua. Sebule imejaa ndugu, viti vimeazimwa kwa jirani, mama mkwe kakaa mbele kabisa na gauni jipya. Diski ya saba haikufunguka. Jasho! Mwanyumba akasogea, akahangaika nayo, akaokoa kipande. Mzee akatokea, kakonda, kajifunika blanketi.
“Mke wangu,” akasema, “siku ile nilipokuja kwenu mara ya kwanza nilikudanganya jambo moja. Ukweli ni kwamba…”
Picha ikaganda. Flashi ilijaa hapo hapo, na ile ya zamani nilikwisha kuifuta kwa amri isiyorudisha kitu.
Mama mkwe akasema taratibu, “Rudisheni kidogo. Labda sikusikia vizuri.”
Wakarudisha. Mara nne. Hakuna aliyenitazama, na hilo ndilo lililonimaliza.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu hasemi nami. Mwanyumba katoboa siri: kompyuta haikuwa imejaa nakala, kilichoijaza ni kapu lake la taka tu, linamokaa kila kilichofutwa kwa kawaida, halijawahi kumwagwa. Angelimwaga kwa dakika moja. Mnafiki! Si angesema Jumatano? Kadai nilimfukuzia jikoni.
Nimetafakari sana. Kosa ni la flashi. Nimeazima kubwa zaidi.
Simu ya mama mkwe nayo imejaa, picha za marehemu tupu. Kajilaza, kaiacha mezani. Nitamfanyia wema, atanisamehe. Juzi kilichoniangusha ni kubana kwanza ndipo nifute. Leo naanza na kufuta.