Ombi la Kuufuta Ugonjwa wa Mke Wangu

Kwako Daktari wa Matumbo,
Chumba cha mwisho kushoto, penye benchi bovu.

Mheshimiwa Daktari,

YAH: OMBI LA KUUFUTA UGONJWA WA MKE WANGU, AU KUUAHIRISHA WALAU JUMAPILI JIONI

Baada ya salamu na heshima zako zote, natumaini barua hii itakukuta mzima, maana mimi si mzima ingawa siumwi. Ni yule fundi mwashi mwenye kofia ya bluu niliyemleta mke wangu kwako mwezi uliopita, nikakwambia benchi lako limewekwa mguu mmoja mfupi. Hukunijibu. Ulimpima mke wangu damu, ukamchungulia tumbo kwa mpira wenye taa, kisha ukatutangazia kwamba asile ngano tena maisha yake yote, kwa kuwa ndani ya ngano mna ulimbo uitwao gluteni na ulimbo huo unamchubua utumbo. Ukatupa karatasi yenye picha ya mkate uliopigwa mkasi mwekundu, ukaita mgonjwa mwingine. Hukuuliza hata kidogo kwetu tunaishije. Kosa lako lilianzia hapo, na naomba uniruhusu nikuoneshe kwa mpangilio.

1. Nyumba yetu haina neno samahani. Si kwamba hatuna adabu. Tangu tuoane, anayekosa haombi radhi kwa mdomo, kwa sababu mdomo ndio uliokosa, na mwizi hatumwi kurudisha mali aliyoiba. Anayekosa huingia jikoni akapika pai ya matufaha, akaiweka mezani, akanyamaza. Aliyekosewa akiimaliza, yameisha. Akibakiza, basi hasira haijaisha yote, na mwenye kosa ataosha vyombo. Sheria hii tuliipata kwa mama mkwe, naye hakusema aliipata wapi. Pai nilizopika mimi ni nyingi kuliko alizopika mke wangu, nakubali, ila ni kwa sababu nina mkono mzuri. Majirani wakinusa mdalasini dirishani kwetu husema leo fundi kakosa tena, na mimi sioni haya. Pai yangu ya ngano ilikuwa pai iliyosimama. Chini msingi, kati chumba cha matufaha, juu paa, na paa lenyewe ungeliwekea pima maji lisikuaibishe.

2. Siku ileile tuliyotoka kwako, njiani, mbele ya shemeji yangu, nilitamka maneno. Ni haki uyajue kwa kuwa wewe ndiye uliyeyasababisha. Nilisema ugonjwa wa kukataa mkate sijawahi kuusikia, kwamba bibi zetu walikula ngano mpaka wakazikwa na meno yao, na kwamba haya si maradhi, ni maringo tu yaliyopimwa damu. Ulimi hauna mfupa, Daktari. Shemeji alicheka, nikadhani nimesema jambo la maana. Mke wangu hakucheka. Usiku uleule alihamishia mto wake chumba cha cherehani, na tangu hapo haongei na mimi. Yaani kuongea anaongea, ila anaongea na redio. Anasimama mbele yake anasema: Redio, mwambie mwenzio chai iko mezani. Redio, muulize mwenzio ile suruali yenye simenti kaitupa wapi. Redio nayo inaendelea na bei za mazao, haina habari na sisi. Juzi umeme ulikatika, nikashinda siku nzima sijui kama nimepikiwa au sikupikiwa.

Sasa tazama ulivyonibana. Nimekosa, kwa hiyo lazima nipike pai. Nikipika ya ngano nitamlaza kitandani. Nisipopika nitazeeka na redio. Mimi nimeona magonjwa mengi, yapo yanayomkataza mtu chumvi, yapo yanayomkataza kupanda ngazi, lakini ugonjwa unaomkataza mtu kuombwa radhi ndio kwanza nauona kwako.

3. Usije ukasema sikujaribu. Nilinunua unga wa mchele kama karatasi yako ilivyoagiza. Haushikani! Nilipousukuma ulipasuka, nilipouinua ukamwagika, nilipoubembeleza ukanidharau. Nikabadili, nikanunua unga wa muhogo. Huo ukashikana mpaka na mikono yangu, nikaenda kufungua mlango nimeubeba. Nikauchanganya huo na ule, nikaongeza wanga wa mahindi, nikapata kitu ambacho hadi leo sijui tukiite nini. Daktari, kwenye kazi yetu kuna mchanga na kuna simenti. Ulimbo uliotukataza ndiyo simenti ya unga. Umeniondolea simenti, halafu unanitaka nijenge kwa mchanga na dua. Nilikwenda hadi duka la vifaa vya ujenzi ninakonunua siku zote, nikamuuliza mwenye duka kwa adabu kama ana simenti ya kuliwa, isiyo na ngano. Aliniuliza kama nyumbani ni kwema. Nikamwambia si kwema, ndiyo maana naulizia simenti. Alifunga duka na jua bado linawaka.

4. Nikapiga moyo konde, nikaamua kutumia elimu yangu. Hakuna fundi asiyejua kwamba zege likipasuka kosa si la zege, ni la mtu aliyeacha kulimwagilia maji. Kwa hiyo pai iliyofuata ilipotoka kwenye oveni imejaa nyufa, sikushtuka. Niliifunika kwa gunia lililolowa, nikaiweka kibarazani kivulini, nikawa naimwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, wiki nzima, kama nguzo yoyote ya kuheshimika. Sikuruka hatua hata moja. Siku ya kufunua ilipofika, naomba harufu tusiizungumzie. Siafu walikuwa wamehamia na familia zao. Mke wangu alipita, akasimama, akaangalia, akaingia ndani, nikamsikia akiiuliza redio mwenzio anaotesha nini pale kibarazani.

5. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilisikia mama mkwe anakuja kutusuluhisha, nikajua hapa heshima yangu iko hatarini, pai lazima isimame. Nikatia nondo. Nilichukua vijiti vya kuchokolea meno, nikavipanga huku na huku, nikavifunga kwa uzi kila vinapokutana, nikazungushia unga wa mchele pande zote na juu nikapitisha lenta, ule mkanda wa kufungia kuta. Daktari, ilisimama! Ungeweza kuikalia, na nadhani ingefaa kuliko benchi lako. Nikamkaribisha mama mkwe afungue kwa niaba ya wote. Kisu kikagoma. Naye kwa kuwa ni mtu wa staha, hakutaka kuniaibisha, akaiinua yote kwa mikono miwili akauma pembeni. Alipoishusha, meno yake ya bandia yalibaki ukutani mwa pai. Nilileta nyundo na tindo, nikayachimbua taratibu, nikayasuuza, nikamkabidhi nimeinamisha kichwa. Akayavaa, akaomba maji, akasema kwa upole kwamba kwa kweli hakuja kula, alikuja kutusalimia tu. Mama mkwe wa mtu huyo! Mzigo huo nao nauweka juu ya meza yako.

6. Kazini nimekwisha. Nilimwagilia pai nikasahau kumwagilia nguzo, na mwenye jengo anapiga simu. Vibarua wananiita Bwana Tufaha. Jana nilikuwa nakoroga zege nikajikuta napapasa mfukoni natafuta mdalasini, na kibaya zaidi, niliupata.

Kwa sababu hizo zote naomba kwako yafuatayo.

Kwanza, uufute ugonjwa huu. Wewe ndiye uliyeuandika, na kalamu inayoandika hujua pia kukata. Mimi nikijenga ukuta pasipo mahali pake nauvunja siku hiyohiyo, simwambii mwenye nyumba kwamba ni wa maisha yote.

Ikishindikana kuufuta, uuahirishe Jumapili moja jioni, tangu pai inapotoka kwenye oveni hadi kipande cha mwisho. Baada ya hapo uendelee kama kawaida, wala sitalalamika.

Ikishindikana kuuahirisha, basi nihamishie mimi. Nakusihi. Mwili wangu umezoea mizigo, nimepandisha mifuko ya simenti ngazi kwa ngazi tangu ujana, kaugonjwa ka ngano hakatanishinda. Mimi niache mkate, yeye ale, nikae namtazama akila. Hili sifanyi mzaha. Nikirudi jioni nasikia cherehani inalia ukutani upande wa pili, najua mtu wangu yupo, na bado nakula peke yangu. Namkumbuka mke wangu na tunaishi nyumba moja, Daktari. Inaniuma.

Na kama hata hilo serikali haijaliruhusu, niandikie basi cheti chenye muhuri, kinachosema kwamba mwenye cheti hiki ameomba radhi kwa kila unga unaopatikana sokoni, na kwamba kitaalamu ahesabiwe amesamehewa. Nitakibandika kwenye redio.

Nisalimie yule muuguzi mpole, na mchukua damu, na mlinzi wa getini, na yule baba aliyekuwa anakohoa nyuma yetu, pole yake. Benchi lenu niko tayari kuja kulitengeneza siku ambayo ugonjwa utakuwa umefutwa.

Wako mwenye heshima, na unga mpaka kwenye nyusi,

Fundi Mwashi,
mume wa mgonjwa ambaye suala lake bado tunabishania.

Nyongeza: Barua ilikuwa tayari, natafuta bahasha. Leo nilikata tamaa ya kujenga. Nilikatakata matufaha nikayamwaga kwenye sinia na siagi na sukari, nikayarushia juu unga wa mchele uliosagikasagika, kifusi kitupu, nikatupia kwenye oveni nikakaa kukuandikia wewe, nikakisahau. Kimeungua juu, na katikati kina maji. Nilikiweka mezani niende kukimwaga. Mke wangu akatoka chumba cha cherehani, akaichukua barua hii akaisoma akiwa amesimama. Kwenye meno ya mama yake alicheka hadi akashika ukuta. Alipofika pale nilipoomba nihamishiwe mimi, alirudi juu akapasoma tena. Kisha akachukua kijiko, akala kutoka kwenye sinia, akakunja uso, akala tena. Akasema, kwa mdomo wake na akinitazama mimi, si redio, kwamba kitu hiki ni kibaya kuliko yale maneno niliyomwambia, na kama ameweza kukimeza hiki, hata yale anaweza kuyameza.

Nikamwambia ni kweli anaumwa. Nikamwambia nilikuwa namuona miaka yote akishika tumbo baada ya chakula, nikajitia hamnazo, na hayakuwa maringo. Hilo nimelisema kwa mdomo, bila pai, nyumba haikuanguka.

Kwa hiyo, Daktari, tafadhali usifute chochote. Ugonjwa ni wake na ni wa kweli, karatasi yako ya mkate tumeibandika jikoni. Benchi nitakuja kulitengeneza hata hivyo. Kwa leo sina nafasi, maana amekila kile kifusi chote, akabakiza kijiko kimoja katikati ya sinia, makusudi, akanionesha kwa kidole. Naenda kuosha vyombo.