Mahojiano ya Kutembea hadi Geti la Nyuma

Idara ya Mahali na Afya ilitangaza kwa kipaza sauti kwamba haitahesabu tena wagonjwa. Sasa itasikiliza wanavyojihisi mahali wanapoishi. Geti la nyuma la zahanati, ambalo mtaa uliomba lifunguliwe, litabaki na kufuli hadi utafiti ukamilike, maana likifunguliwa mapema watu watapata nafuu na kuharibu matokeo.

Amri hiyo Mkurugenzi wa Idara aliitunga mwenyewe, na aliipenda. Mbinu nayo aliichagua ya kisasa: mahojiano ya kutembea, mtafiti na mkazi bega kwa bega, mkazi akieleza kila kona inavyougusa mwili wake. Kwa kuwa viatu vyake vilikuwa vipya, Mkurugenzi alitembea akiwa garini, kioo kimeshushwa.

Mkazi mwenyewe alikuwa mshona nguo, aliyekuwa akimsukuma mama mkwe wake kwenye mkokoteni ili akafungwe upya kidonda cha mguu. Alieleza kwamba geti la nyuma ni pale tu, ila wakizunguka hadi la mbele, kwa njia inayovuka mtaro, bandeji hufika imelowa maji machafu. Mkurugenzi alimsifu kwa maelezo yenye kina, kisha akaomba kujua uhusiano wake wa kihisia na mtaro.

"Uhusiano gani, baba? Unanuka," alijibu mama mkwe. "Shuka uunuse."

Dereva alikuwa akikwepa shimo. Gurudumu likaingia mtaroni. Mkurugenzi akashuka kwa heshima zote, akateleza, kifundo kikavimba palepale. Dereva na mshona nguo wakampakia mkokotenini ubavuni mwa mama mkwe, wakamsukuma hadi geti la nyuma.

Mlinzi alipiga saluti, akakataa kufungua.

"Utafiti haujakamilika, mkuu. Ni amri yako."

Mkurugenzi alimkumbusha nani mkubwa hapa. Mlinzi akasema anakumbuka, ndiyo maana anatii.

"Basi sema, mwanangu," mama mkwe alimuuliza taratibu, "hili geti unalihisije?"

"Linaniua, mama."

Mshona nguo akamwambia mlinzi kwamba Mkurugenzi amesikia mwenyewe mtu anavyojihisi, na utafiti ulitaka hilo tu. Mkurugenzi, akiwa ameshika kifundo, akatangaza utafiti umekamilika. Kufuli likafunguliwa, na majirani waliokuwa wakisubiri ukutani wakamiminika ndani, wenye watoto mbele, mama mkwe akishikwa mkono. Mkurugenzi aliingia wa mwisho, akirukaruka kwa mguu mmoja.

"Mimi ni Mkurugenzi," alimwambia muuguzi.

"Pole sana, baba. Shika foleni."