Dakika Tano za Mkurugenzi

"Wakala wa Muda wa Vivuko, WAMUVI, unapenda kuutangazia umma wa Mwanza na ng'ambo zake zote kwamba, kuanzia Jumatatu, muda utakuwa halisi."

Tangazo hilo lilibandikwa Mkuyuni, likabandikwa Kirumba, likasomwa redioni na mtu mwenye sauti nzito. Mkurugenzi Ndalahwa Luhende alikuwa ameliandika mwenyewe, na kila liliposomwa aliacha kutafuna. Wananchi hawakuuliza muda waliokuwa wakiishi mpaka hapo ulikuwa wa namna gani. Walishazoea kutangaziwa.

Ndalahwa alikuwa na sababu ya kutafuna kwa makini. Waziri angekuja kuzindua, na mpaka wauza karanga walijua kwamba Waziri anatafuta mtu wa kuongoza Mamlaka ya Muda ya Taifa kule Dodoma. Ndalahwa alishapima suti. Alishamwambia mkewe, Rebeka, asipande mahindi msimu huu.

Habari yenyewe ilianzia getini. Pale gatini, kivuko MV Subira kinapoondokea kwenda Kamanga, geti huendeshwa na kompyuta. Inatakiwa ilifunge kabla mlango wa kivuko haujanyanyuka, ili wanaokuja mbio wasije wakapanda maji. Lakini programu ya zamani iliandikwa kwa lugha ya kompyuta yenye tabia moja: katikati ya kazi husimama kwanza ifagie kumbukumbu zake, ndipo iendelee. Ofisini tabia hiyo haimuui mtu. Siku moja ikasimama kufagia wakati kivuko kinaachia gati, na Mama Justa, muuza samaki wa Mwaloni, akapita geti lililo wazi na beseni kichwani. Beseni lilikwenda ziwani. Yeye alidakwa kitenge.

Mkurugenzi alisikitika sana. Aliunda kamati.

Kamati ilikaa hotelini, maana ofisini hakuna utulivu. Mwanzoni wajumbe waliipongeza lugha ya zamani kwa usafi. Kisha akasimama Mhandisi Kokulinda, dada wa Kihaya asiyecheka ovyo.

"Tunahitaji lugha ya mifumo ya muda halisi," alisema. "Iko moja inaitwa Ada."

Mjumbe mmoja akauliza inalipwa kwa muhula au kwa mwaka. Akaelezwa ni jina tu, akashukuru.

"Kwa lugha hii," Kokulinda akaendelea, "kila kazi tutaitajia mwisho wake. Muda ukiisha, inanyang'anywa zamu. Na kazi ya haraka inaikatiza isiyo na haraka."

"Inaikatiza hata ya mkubwa?" Ndalahwa akauliza.

"Haimjui mkubwa, Mkurugenzi. Inajua namba ya kipaumbele. Namba moja ni ya geti."

Ndalahwa aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Mhandisi, geti ni nani mpaka litangulie?"

Hapo ndipo ulipozaliwa Mwongozo wa Vipaumbele kwa Mujibu wa Vyeo. Namba moja, hotuba ya Mkurugenzi. Namba mbili, bendi. Namba tatu, geti. Kitufe cha kusitisha mfumo kikawekwa kwenye chumba cha mitambo nchi kavu, kifunguliwe kwa dole gumba la Mkurugenzi peke yake, ili wadogo wasije wakakichezea.

"Watu wataanguka majini, Mkurugenzi," alisema Kokulinda.

"Hakuna atakayeanguka nikiwa naongea. Watakuwa wananisikiliza."

Kokulinda aliangalia dirishani, akaangalia ziwa, akarudi. "Basi kivuko hakitaachia gati mpaka hotuba iishe na geti lifungwe. Hapo sitoki, hata mkinifukuza. Ila programu haikubali kazi isiyo na mwisho. Hotuba yako ni ya muda gani?"

"Mimi nina machache," alisema Ndalahwa. "Dakika tano."

Wajumbe wote wakainamia chai zao. Mara ya mwisho Ndalahwa kuwa na machache ilikuwa msibani, na padri alilazimika kumzika marehemu huku machache yakiendelea.

"Niandike tano?"

"Andika."

Tusimwonee, hakuwa akidanganya. Mtu mzima akisema dakika tano anakuwa muungwana tu, kama anavyomwambia mpita njia karibu chakula. Mpita njia aliyelelewa hujibu ahsante, akaenda zake. Kompyuta ni yule mgeni anayenawa mikono.

Jumatatu ikafika. Waziri aliketi chini ya turubai, pilau ikinukia nyuma yake. Msaidizi wa Mkurugenzi, Josephat, mtu mnyamavu mwenye viatu vinavyong'aa, ndiye aliyeongoza shughuli. Ndalahwa alichagua kusimama juu ya mlango wa kivuko, ulioshushwa gatini, ili picha zitoke na ziwa nyuma. Ndani ya kivuko abiria walishakaa. Hakuna aliyewaambia kuna uzinduzi. Walikuwa wamelipa nauli.

Alishika kipaza sauti. "Itifaki imezingatiwa," alisema, kisha akaizingatia upya, mmoja mmoja. Alimtaja Waziri, akataja wakubwa wa mkoa na wa wilaya, viongozi wa dini, wazee mashuhuri, wake za wazee mashuhuri, wawakilishi wa wavuvi. Alikuwa amewafikia wawakilishi wa wachuuzi wa dagaa wakavu, akijiandaa sasa kuanza, kipaza sauti kilipozima.

King'ora kikalia. Bendi, ambayo nayo ilikuwa na dakika zake, ikapiga na kukoma katikati ya wimbo. Geti likafunga vizuri kabisa. Mlango wa kivuko ukaanza kunyanyuka, na Ndalahwa, ambaye hakuwahi kurudi nyuma katika utumishi wake, akateleza kinyumenyume hadi katikati ya abiria.

"Zimeni," aliita. "Josephat, zima."

Josephat alikimbia mpaka chumba cha mitambo, akaweka dole gumba kwenye kioo. Kioo kikaandika: CHEO HAKITOSHI. MV Subira ikaachia gati kwa muda ule ule ulioandikwa kwenye ratiba, jambo ambalo hakuna aliye hai aliyewahi kuliona. Watu walipiga makofi.

Ndalahwa alisimama akitazama turubai likizidi kuwa dogo. Roho ilimuuma kweli. Dodoma ilikuwa pale chini ya turubai, imekaa karibu na pilau.

"Ngosha, kaa. Unanizibia upepo."

Aligeuka. Aliyemwita hivyo, kama Wasukuma wanavyomwita mwanamume yeyote, alikuwa mama mtu mzima, beseni jipya mapajani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa muda halisi?"

"Ndiye mimi."

"Basi ahsante. Leo geti limefunga. Siku ile lingefunga hivi, beseni langu lingekuwepo."

Ndalahwa aliona ni vyema ajibu kwa niaba ya wakala. Alipofika kwenye historia ya wakala, Mama Justa alikuwa amelala.

Kamanga walifika kwa wakati, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kuwapokea. Ndalahwa alishuka, akatoka nje ya geti kutafuta mtandao, akampigia Josephat.

"Waziri amesemaje?"

"Amefurahi sana, bosi. Anasema tangu azaliwe hajaona hotuba ikiisha kwa wakati."

"Na yeye amehutubia?"

"Alisimama, akasema ana machache. Kioo cha pale kwenye kipaza sauti kikamuuliza mangapi. Akakiangalia, akaangalia kivuko kilipoelekea, akasema tuende tukale."

"Na Dodoma?"

"Aliuliza mkuu wa taasisi yuko wapi. Nikasema yuko majini. Akasema kiti hakikai wazi, basi nikaimu mimi. Kesho tunaondoka naye kwenda Dodoma, kwenye ile Mamlaka. Mhandisi Kokulinda naye anakuja, kwenda kuwafungia mfumo bungeni."

Ndalahwa hakuaga. Aligeuka mbio kuelekea kivuko, maana pilau ilikuwa haijaisha, na penye pilau pana la kuzungumza. Geti la Kamanga, lenye mfumo ule ule, lilikuwa bado wazi. Mama Justa alishapanda, beseni limejaa sangara. Mlinzi, Shigela, aliinua mkono.

"Wewe nani, mzee? Tiketi iko wapi?"

Ndalahwa alinyoosha koti. "Mimi ni Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Muda wa Vivuko, Kanda ya Ziwa, Mwenyekiti wa Kamati ya Vipaumbele kwa Mujibu wa Vyeo, na Mlezi wa Chama cha..."

King'ora kikalia. Geti likafunga mbele ya tai yake.

Mama Justa alimtazama kutoka ng'ambo ya geti, akahamisha beseni ili ajipatie nafasi ya kukaa.

"Ungesema jina tu, ngosha," alisema, "saa hizi ungekuwa humu."